Tulimpamba Aheshimiwe

Mara ya kwanza Peninah alipokwenda hospitali na mimba yake, alikwenda na sare za kazi. Alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja, na siku hiyo basi la wafanyakazi lilimshusha karibu na hospitali, akaona hakuna haja ya kurudi kwetu Al Qusais, hapa Dubai, kubadilisha nguo. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vimemkataa. Msichana wa mapokezi alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili, kisha akamuuliza, "Madam wako yuko wapi?"

Peninah akamjibu kwamba hana madam, mgonjwa ni yeye mwenyewe. Akaonyeshwa kiti cha nyuma, karibu na choo. Akakaa pale akiwaona waliokuja nyuma yake wakiitwa, wakiingia, wakitoka na dawa zao. Alipoitwa mwishowe, daktari hakumgusa hata kidole. Alimwambia anywe maji mengi na apunguze chumvi, halafu akatabasamu kwa ukarimu mkubwa, akasema, "Ninyi Waafrika mna nguvu sana. Wewe utazaa hata kabla hatujavaa glavu."

Sasa, Peninah hakuwa amekwenda kuulizia miguu. Mtu anayesimama kutwa nzima akikunja mashuka ya wenzake, miguu itamvimba tu. Alikuwa amekwenda kusema neno moja: damu. Mimba yake ya kwanza aliizalia kwao Kimilili. Mtoto alitoka amekufa, naye akamwaga damu mpaka kaka zake wakaitwa kutoka shambani waje watolewe zao aongezewe. Tangu hapo alibaki na hofu hiyo moja. Hakuogopa uchungu, hakuogopa kuchanwa, wala hakuogopa kulea ugenini. Aliogopa damu, na alitaka mtu mmoja mwenye koti jeupe ajue kwamba mama huyu anavuja, mama huyu akishazaa asiachwe peke yake. Alirudi nyumbani hajalisema. Alisema daktari alikuwa ameshasimama.

Nilimfokea. Mimi naitwa Loise, kwetu ni Embu, na mdomo wangu hauna breki. Hilo wanaonifahamu wanalijua. Nina mwanangu Tevin, analelewa na mamangu nyumbani, ndiyo maana pale chumbani wengine huniita Mama Tevin. Kazi yangu ni usoja, nalinda lango la jengo moja refu Al Jaddaf. Tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja: mimi, Peninah, na Khairunisa wa Kisauni, Mombasa, anayefanya kazi saluni mtaa wa pili. Shem, mumewe Peninah, alikuwa dereva wa ghala la vipuri vya magari kule Ras Al Khor, na kampuni ilimlaza hukohuko na wanaume wenzake. Watu wenye ndoa ya kanisani, wakawa wanaonana siku za mapumziko tu kama wachumba.

"Kwa nini hukumshika koti?" nikamuuliza Peninah. "Kwa nini hukumwambia, daktari, kaa chini, sijamaliza?"

"Mama Tevin, wewe ungemwambia?"

Singemwambia, na sababu ninaijua vizuri kuliko wengi. Watu husema Dubai kila mtu amekuja kutafuta, hakuna wa kumcheka mwenzake. Ni kweli kila mtu amekuja kutafuta. Lakini mimi nasimama langoni, na meneja wangu alishaniambia kwa Kiingereza safi kabisa kwamba wanawake fulani nisiwaruhusu wapite mlango wa mbele bila kuwauliza wanakwenda kwa nani. Hakuwataja ni akina nani. Hakuwa na haja ya kuwataja. Wanawake hao ni sisi, na kila siku mimi ndiye ninayewasimamisha dada zangu na kuwauliza wanakwenda kwa nani. Mwafrika akipaza sauti, hata kama anaumwa, anayeitwa si daktari, anaitwa soja.

Khairunisa alikuwa amekaa kitandani akisikiliza huku akipaka miguu yake mafuta. Huyu mwanamke ana imani moja duniani, ukiacha dini yake: kwamba hakuna mlango usiofunguka kwa mtu aliyejipamba.

"Shoga yangu, makosa ni kwenda na lile gwanda," akasema. "Hapa mtu kwanza hutizamwa kavaa nini. Siku nyingine hutoki humu mpaka nikutengeneze mimi. Nikishakumaliza, wallahi, hao hao watakuamkia."

Tukacheka, lakini siku ya kliniki iliyofuata alimtengeneza kweli. Alimvika wigi lake la thamani, lile ambalo hata mimi sikuruhusiwa kulishika. Akambandika kucha ndefu za rangi ya zambarau iliyoiva. Akampaka midomo kwa rangi ile ya maji ambayo ikishakauka haitoki hata ukila pilau. Mimi nikatoa mkoba wangu wa ngozi na manukato. Tukamfunza na maneno: sema polepole, usilalamike, usiombe, tabasamu, ukae kama unayemiliki kiti. Alipotoka mlangoni tumbo likiwa mbele na mkoba begani, niliona mke wa balozi.

Na nisidanganye, ilifanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma. Msichana yuleyule wa mapokezi alimwambia, "Good morning, madam." Aliitwa jina lake kabla hajapata joto la kiti. Daktari alisimama, akampa mkono. Peninah akapata nafasi akasema neno lake, damu, na habari za kaka zake na Kimilili yote. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Hiyo ilikuwa Afrika, madam. Hapa ni Dubai."

Alirudi amechangamka kupita kiasi. Kila aliposimulia, alikazia pale alipoitwa madam. Khairunisa akazunguka chumba akijipiga kifua kwamba si aliwaambia. Mimi nilisikia moyoni kitu kimekwama. Nilimuuliza, "Lakini alikubali? Alisema watafanya nini ukianza kuvuja?" Peninah akafikiri kidogo, akasema hapana, hakusema watafanya nini. Halafu akasema, "Lakini amenisikia, Mama Tevin. Amenipa mkono." Nami nilimwacha afurahi, maana miezi yote ile nilikuwa sijamwona akifurahi.

Siku zake zilipokaribia, Khairunisa akaleta hina. Kwao mwanamke akifurahiwa huwekwa hina, na yeye alisema mtoto huyu anazaliwa mara moja tu, hawezi kuja akamkuta mamake na mikono mikavu ya sabuni za hoteli. Alimchora mchana kutwa, vidole, viganja, nyayo, akamjaza maua na majani mpaka kwenye vifundo. Vidole vyenyewe vilichovywa vyote, vikawa vyekundu karibu vyeusi. Peninah alikaa amenyoosha mikono kama mtoto, akicheka kwamba mama mchungaji wao akimwona hivyo atamfanyia maombi ya kufunga.

Uchungu ulimwanza alfajiri, polepole. Khairunisa alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akampaka midomo ile rangi isiyotoka, akambandikia kucha iliyokuwa imeng'oka, akamvalisha wigi. Peninah alikuwa akiuma meno na kushika ukingo wa kitanda, huku akigeuza uso upande huu na ule kama alivyoamriwa. Shem alikuja na pikapu ya kampuni aliyoiombea ruhusa kwa arbab, bosi wake wa ghalani. Alipomwona mkewe alisahau kusalimia, akabaki kumtolea macho. "Unaenda kuzaa ama kuolewa tena?" akauliza. Peninah akacheka, uchungu ukamkatiza, akamshika shingo. Nilikwenda nao mimi, kwa sababu nilikuwa zamu ya jioni.

Pale hospitali walitupokea vizuri. Waliuliza cheti cha ndoa, tukakitoa. Wakakiuliza tena wodini, tukakitoa tena. Peninah alimwambia nesi wa kwanza habari ya damu, akamwambia na wa pili. Yule wa pili, mwanamke mrefu aliyevaa miwani, alimjibu, "Sawa, sawa, usijali, wewe relax tu." Leba haikuchukua muda. Hakupiga kelele hata moja. Kwao wanafunzwa hivyo tangu usichana, kwamba mwanamke anayelia leba anaiaibisha nyumba ya mamake, na sisi tulikuwa tumemwongezea ya kwetu juu. Alijikaza kisabuni. Nesi wa miwani alitoka nje akinitabasamia, akasema, "Dada yako ana nguvu sana. Hata hakusumbua."

Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti ya kugombana. Shem alimpakata akalia machozi mpaka yakamdondokea mtoto. Akapiga simu Kimilili hapohapo ukumbini, akizungumza Kibukusu kwa sauti iliyofanya watu wageuke, na huko upande wa pili nikasikia mwanamke anapiga kigelegele. Halafu arbab akaanza kumpigia. Kuna mzigo unamngoja dereva, yalla, habibi, mtoto ameshazaliwa, khalas. Shem alimbusu mkewe kwenye paji la uso, akasema atarudi kazi ikiisha. Aliniachia mimi simu ya Peninah niishike.

Nilibaki naye nyuma ya pazia. Mtoto alikuwa amepelekwa kuogeshwa. Mwanzoni Peninah alikuwa akiongea sana, akipanga mambo ya jina, la mamake au la mama mkwe, na nani atakasirika. Kisha akapunguza. Akaomba maji, nikampa. Akaomba tena. Akasema, "Mama Tevin, hii AC wameiweka ngapi? Nasikia baridi." Nikamfunika shuka la pili. Akapiga miayo, akapiga tena, kama mtu asiyelala wiki nzima.

"Lala basi," nikamwambia.

"Sitaki kulala." Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu anayefua kwao asubuhi. "Angalia kama ninavuja."

Nikafunua, nikaona damu. Mimi si daktari, na nimezaa mara moja tu. Damu baada ya kuzaa ipo. Nikaenda kumwita nesi wa miwani. Alikuja, akaangalia harakaharaka, akasema hiyo ni kawaida. Nikamwambia anasikia baridi na kiu. Akasema hiyo pia ni kawaida, amefanya kazi kubwa. Akachukua kile kibanio cha kupimia kidoleni, akakibana juu ya kucha aliyobandikwa na Khairunisa, kikakataa kusoma. Akakitikisa, akajaribu kidole kingine, akaguna, "Hizi kucha zenu." Akakitia mfukoni. Kisha akamwangalia Peninah usoni, akaangalia mikono yake, akasema, "Mbona rangi yake ni nzuri? Anapendeza kuliko sisi sote." Akaondoka.

Upande wa pili wa pazia alikuwa mama mmoja mweupe aliyezaa nyuma yetu. Alikuwa akilia kwamba mgongo unamuuma. Nilisikia manesi wawili kwake, kisha daktari, kisha mashine ya presha ikisukumwa na magurudumu yake. Sina ugomvi na yule mama. Mgongo ulikuwa unamuuma, akasema unamuuma, wakaja. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Peninah akasema, "Wametoka kwangu?"

"Watarudi."

"Mama Tevin, ni ile. Ni ileile ya kwanza. Ninaijua inavyokuja."

Nikaenda tena. Nilimkuta nesi mezani kwake, nikatumia sauti yangu ya kazini, ile ya yes madam, sorry madam. Nikamwambia, tafadhali sista, mgonjwa wangu alishawaambia tangu kliniki kwamba huwa anavuja, na sasa anasema imeanza. Akanijibu bila kuinua macho kwamba amemwona sasa hivi, yuko sawa, daktari atapita. Nikarudi. Peninah alikuwa akijigeuzageuza, hatulii, na midomo yake ilikuwa inang'aa vilevile, imekolea vilevile, mtu angesema anatoka harusini. Nikamshika tumbo, likawa laini na kubwa kuliko nilivyotarajia. Nikamwita jina, akachelewa kuitika.

Mara ya tatu sikuitumia ile sauti ya kazini. Nilisimama katikati ya ukumbi nikapiga kelele. Nilisema kwa Kiingereza, nikasema kwa Kiarabu changu cha kubahatisha, nikamalizia kwa Kiswahili kisichoandikika. Nilisema kuna mtu anakufa kitanda kile, na kwamba hata paka angetazamwa. Watu wakatoka kwenye vyumba. Nesi wa miwani akasimama, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama kwa hofu kama nimeshika kisu. Mkono wake ukaenda kwenye simu. Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani anamwita daktari.

Alikuja soja. Kijana mweusi mwembamba, sare imempwaya, kibandiko cha jina kifuani: Boaz. Alinikaribia mikono ikiwa imetangulia mbele, viganja wazi, jinsi tulivyofundishwa sote.

"Sista, tafadhali. Twende hapo nje kidogo tu tuongee."

"Wewe ni wa wapi?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

Akashtuka. "Kisii."

"Boaz, dada yako anakufa hapo nyuma ya pazia. Nenda umwone. Nenda wewe mwenyewe umwangalie, halafu unitoe."

Macho yake yalikwenda pale kwenye pazia, yakarudi kwa nesi, yakanirudia mimi. Nilimwona anavyopiga hesabu, na naijua hesabu hiyo kwa moyo maana ni yangu ya kila siku. "Sista, wakiniona nimekaidi leo, kesho niko kwa ndege," akasema. Akanishika kiwiko. Hakunivuta kwa nguvu. Alinitoa taratibu kabisa, kwa heshima, akaniketisha kwenye viti vya nje, akasimama mbele ya mlango huku amenipa mgongo. Nilimtukana matusi ya kila aina. Yeye alikuwa akirudia tu, "Pole, sista. Pole, sista."

Sijui tulikaa pale muda gani. Nilisikia kengele ya ukutani ikilia, kisha miguu ya watu wanaokimbia, na nilijua ni wapi wanakimbilia. Boaz naye alijua. Akasogea, akaniacha nipite, na hakuna aliyemwambia neno.

Walikuwa wamejaa kwenye kile kitanda, hata nafasi ya kusimama hakuna. Wakati ule walikuwa wanafanya kila kitu. Nililiona jambo hilo na nitalisema: walijua kazi yao. Walikuwa na dawa, na mifuko ya damu ikaletwa mbio, na daktari yule aliyempa mkono alikuwa na jasho mpaka kwenye nyusi. Damu nyingi ilikuwa imejaa ndani kwa ndani, shuka lilionyesha sehemu tu. Wigi lilikuwa limeanguka chini ya kitanda, mtu analikanyaga. Walimsukuma kwenda chumba cha upasuaji, na alipopita mbele yangu nilimwita, "Peninah!" Macho yake yalikuwa wazi kidogo. Sidhani yaliniona.

Saa za adhuhuri daktari alikuja kuniambia. Alikuwa mtu mpole kweli, nasikitika kusema hivyo, maana ingekuwa rahisi kama angekuwa mnyama. Alisema wamejitahidi. Alisema alivuja ndani, na ilipogundulika hali ilikuwa imekwenda mbali. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejieleza kwa hakimu, "Hatukuweza kuona mapema kwamba anapauka. Viganja vilikuwa na hina, kucha zimefunikwa, midomo imepakwa rangi. Na kwa ngozi yenu, ni vigumu tayari. Alionekana mzima. Hakulalamika."

"Alikwambia," nikamjibu.

"Samahani?"

"Alikwambia kliniki. Akamwambia nesi wa kwanza na wa pili. Nikasema mimi mara tatu. Mdomo ulikuwa umepakwa rangi, daktari, haukuwa umefungwa."

Akafumba macho. Khairunisa mpaka leo hampaki mtu hina. Nimemwambia mara nyingi, kwa ukali na kwa upole, kwamba si yeye. Mashine ya presha haisomi lipstiki, nayo hawakumletea. Na tungempeleka na uso mtupu na kandambili zake, wangemuuliza madam wake yuko wapi, wakamkalisha karibu na choo. Nimezigeuza siku zote mbili, ya kandambili na ya hina, nyuma mbele na sijaona nguo ambayo tungemvika akaaminiwa. Haipo. Mwanamke akisema "naumwa" na asisadikiwe, hata umvishe dhahabu tupu, amekwisha.

Nilimpigia Shem nikamwambia arudi. Aliniuliza kuna nini, nikasema arudi tu, aache mzigo, aache gari, arudi. Nilishindwa kumwambia akiwa barabarani na usukani mkononi. Nikakaa kwenye viti vya nje vilevile. Nesi mwingine, msichana mdogo nisiyemjua, alikuja akaniwekea mtoto mapajani, akasimama pembeni akifuta macho. Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa na kipaji cha uso cha mamake, kipana vilevile.

Ndipo simu ya Peninah ikaanza kulia kwenye mfuko wangu. Nikaitoa. Ilikuwa simu ya video, na jina lililoandikwa lilikuwa Mama. Nikaiacha ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena. Watu wakawa wananitazama. Ilipolia mara nyingine nikaipokea, kwa sababu nilijua haitaacha.

Uso wa mama mmoja wa makamo ukajaa kwenye kioo, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, meno yote nje. Nyuma yake ulikuwa ua wenye jua kali na wanawake wengi, wengine na watoto mgongoni, wanaimba na kupiga makofi. Mmoja alikuwa ameinua jogoo juu aonekane vizuri.

"Mulembe, mwanangu! Wewe ndiwe Loise?" akapaza sauti juu ya zile nyimbo. "Peninah hutueleza habari zako kila siku. Mungu akubariki sana. Hebu nionyeshe huyo mgeni wetu."

Nikashusha simu, nikamwonyesha mtoto. Vigelegele vikapasuka mpaka spika ikakwaruza. Mtoto akakunja uso, hakuamka. Yule mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Na mama mtoto amelala? Muache apumzike, usimwamshe. Mwambie tu akiamka anipigie nimwone." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Ah, Loise. Ile mara ya kwanza tulikaribia kumzika huyu msichana. Mimi leo nimepiga magoti tangu asubuhi nikimshukuru Mungu kwamba amezalia huko kwenye hospitali nzuri. Huku kwetu angenifia."

Mdomo wangu usio na breki ulikataa kufunguka. Nyuma yake walikuwa wameanza wimbo mwingine, wa kasi zaidi, na mtu alikuwa akimwita aje acheze.

"Mama," nikasema, "waambie hao wamama wanyamaze kidogo."